Tezi Dume Si Jina la Ugonjwa: Ifahamu Nyonga na Mfumo wa Uzazi wa Mwanaume

Katika vijiwe vya kahawa vya Singida mjini, kwenye minada ya mifugo na katika foleni za zahanati, husikika mara kwa mara kauli kwamba mzee fulani "ana tezi dume". Kauli hiyo hutamkwa kwa sauti ya chini, kana kwamba inatajwa aibu ya ukoo. Ukweli ni kwamba kila mwanaume ana tezi dume tangu kuzaliwa kwake hadi kufa kwake. Hilo ni jina la kiungo, kama yalivyo majina ya ini, figo na moyo. Ugonjwa ni jambo jingine, na magonjwa yanayoweza kuipata tezi hiyo ni zaidi ya moja.

Kosa hilo la lugha lina gharama. Mwanaume anayeamini kuwa tezi dume ni ugonjwa mmoja huamini pia kwamba una dalili zilezile kwa kila mtu. Mkojo usipomsumbua hujiona salama. Ukimsumbua hudhani amekwisha kuhukumiwa kifo, naye hukaa kimya nyumbani. Dhana zote mbili zina makosa, na makosa hayo huonekana wazi pindi mtu anapojua viungo vimekaaje ndani ya mwili. Makala haya yanaeleza ramani hiyo, kuanzia mifupa ya nyonga hadi tezi yenyewe, na namna mahali pa kila kiungo panavyoeleza dalili, vipimo na tiba zake.

Nyonga: bakuli la mifupa

Nyonga imejengwa kwa mifupa minne iliyoungana mithili ya bakuli lisilo na kitako. Kulia na kushoto kuna mifupa miwili mipana inayokutana mbele, kwenye kinena. Nyuma kuna mfupa wa pembetatu ulio mwishoni mwa uti wa mgongo, na chini yake kuna kitokono. Kila mmoja wa mifupa miwili ya pembeni huanza utotoni ukiwa mifupa mitatu, ambayo huungana kuwa mmoja katika miaka ya balehe na ujana.

Nyonga ya mwanaume ni nzito na nyembamba kuliko ya mwanamke, na pembe iliyo chini ya kinena ni kali zaidi. Ya mwanamke ni pana kwa sababu ndiyo njia ya mtoto wakati wa kujifungua. Tofauti hizo ni za wazi kiasi kwamba wataalamu wa uchunguzi wa maiti huzitumia kutambua jinsia ya mifupa iliyofukuliwa.

Chini ya bakuli hilo imetandazwa misuli inayoitwa sakafu ya nyonga. Misuli hiyo hubeba viungo vilivyo juu yake na husaidia kuzuia mkojo na haja kubwa. Ndani ya bakuli viungo vimepangwa kwa mfuatano: mbele kabisa, nyuma ya mfupa wa kinena, kuna kibofu cha mkojo, chini ya kibofu kuna tezi dume, na nyuma yake kuna puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Nafasi ni finyu. Kiungo kimoja kikikua hakina pa kwenda isipokuwa kumbana jirani yake.

Ufinyu huo ndio unaofanya ajali za barabarani kuwa na madhara makubwa katika eneo hili. Mrija wa mkojo wa mwanaume hupita chini tu ya mfupa wa kinena, na mfupa huo ukivunjika, mrija unaweza kuchanika. Mkoa wa Singida unapitiwa na barabara kuu inayotoka Dodoma kuelekea Nzega na Kanda ya Ziwa, na pikipiki ni usafiri wa kila siku katika vijiji vyake. Majeruhi mwenye maumivu makali ya nyonga, anayetoka damu kwenye tundu la mkojo au anayeshindwa kukojoa, hapaswi kusimamishwa wala kutembezwa ili kuona kama ana nguvu. Asafirishwe akiwa amelala, na mpira wa mkojo usilazimishwe kuingia kabla daktari hajamchunguza.

Korodani: viungo vilivyotoka nje ili vifanye kazi

Korodani mbili zina kazi mbili: kutengeneza mbegu za kiume na kutengeneza homoni ya testosteroni, ambayo huleta sauti nzito, ndevu, misuli na hamu ya tendo la ndoa. Zimening'inia nje ya mwili kwa sababu mbegu hutengenezwa vizuri katika joto lililo chini ya lile la mwili, ambalo ni nyuzi 37, kwa takribani nyuzi 2 hadi 3. Kwa kawaida moja, mara nyingi ya kushoto, huning'inia chini kidogo kuliko mwenzake. Hilo si ugonjwa.

Korodani hazikuanzia hapo zilipo. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, huumbika ndani ya tumbo lake, karibu na figo, kisha hushuka polepole kupitia njia nyembamba kwenye kinena. Kutokana na safari hiyo yanaeleweka matatizo matatu ambayo wazazi wanapaswa kuyatambua.

La kwanza ni korodani isiyoshuka. Mzazi au mhudumu wa kliniki akigundua kwamba mfuko wa mtoto uko mtupu upande mmoja, na hali hiyo ikaendelea hadi miezi 6, mtoto apelekwe hospitali. Korodani iliyobaki juu hudhoofika kwa joto na huwa katika hatari zaidi ya kupata saratani baadaye.

La pili ni ngiri. Njia ambayo korodani ilipitia huacha sehemu dhaifu, na sehemu ya utumbo inaweza kupenya humo. Uvimbe huonekana mtu anaponyanyua gunia la alizeti au anapokohoa, kisha hurudi anapolala. Uvimbe ukigoma kurudi, ukauma na kuambatana na kutapika, hiyo ni dharura: utumbo umekabwa na unaweza kuoza. Busha ni tofauti, kwa kuwa lenyewe ni maji yaliyojikusanya kuzunguka korodani. Mitaani yote mawili huitwa mshipa, lakini matibabu yake hayafanani, na hakuna dawa ya kunywa inayoziba tundu la ngiri.

La tatu ni korodani kujisokota. Korodani huning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu, na kamba hiyo inaweza kujisokota ghafla, hasa kwa vijana wa miaka 12 hadi 18. Maumivu huanza kwa ghafla na huwa makali, mara nyingi yakiambatana na kichefuchefu. Muda wa kuiokoa ni mfupi, takribani saa 6. Mvulana anayeamka usiku akilia kwa maumivu ya namna hiyo asiambiwe asubiri kupambazuke, wala asicheleweshwe kwa sababu anaona haya kusema panapouma.

Safari ya mbegu

Mbegu ya kiume huchukua takribani miezi miwili na nusu kutengenezwa. Ikitoka kwenye korodani huingia katika kijifuko kilicho nyuma yake, ambacho ndani ni mrija mwembamba uliokunjwakunjwa. Mrija huo ukinyooshwa hufikia urefu wa karibu mita 6. Hapo mbegu hukomaa na kupata uwezo wa kuogelea. Kisha hupanda kwa mrija mwingine unaopita kwenye kinena, kuzunguka nyuma ya kibofu na kuingia ndani ya tezi dume.

Njiani huongezewa majimaji. Sehemu kubwa ya shahawa, karibu asilimia 70, hutoka katika vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu. Kati ya robo na theluthi hutoka katika tezi dume yenyewe. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya ujazo huo. Ndiyo maana mwanaume aliyefungwa uzazi kwa kukatwa mirija huendelea kutoa shahawa kama zamani, na kiasi chake hakipungui kwa namna anayoweza kuitambua.

Njia ya mwisho ni mrija wa mkojo, ambao kwa mwanaume una urefu wa takribani sentimeta 20 na hupitisha mkojo na shahawa kwa nyakati tofauti. Mrija wa mwanamke una takribani sentimeta 4 tu. Sehemu kubwa ya mrija wa mwanaume hupita ndani ya uume. Ngozi inayofunika kichwa cha uume, yaani govi, upande wake wa ndani ni laini na ina chembe nyingi ambazo virusi vya UKIMWI huzishambulia. Majaribio yaliyofanyika Kisumu nchini Kenya, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini, ambayo matokeo yake yalitolewa kati ya 2005 na 2007, yalionesha kuwa tohara hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU kutoka kwa mwanamke kwa takribani asilimia 60. Kinga hiyo si kamili, na haiondoi haja ya kutumia kondomu na kupima.

Tezi dume: kiungo kidogo kwenye njia panda

Kwa kijana, tezi dume ina uzito wa takribani gramu 20 na ukubwa unaokaribia ndimu ndogo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayolisha na kulinda mbegu. Umuhimu wake kwa afya unatokana zaidi na mahali ilipo. Mrija wa mkojo, mara tu unapotoka kwenye kibofu, hupita katikati ya tezi hii kama uzi upitao ndani ya ushanga. Upande wa nyuma, tezi imeegemea ukuta wa puru.

Kutokana na ramani hiyo, inatosha kukumbuka sehemu mbili: sehemu ya ndani inayouzunguka mrija, na sehemu ya nje iliyo upande wa nyuma, karibu na puru. Magonjwa makuu mawili ya tezi dume huanzia mahali tofauti, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote.

Ugonjwa wa kwanza ni kutanuka kwa tezi kusiko saratani. Huanzia sehemu ya ndani, pembeni kabisa mwa mrija. Mabadiliko hayo, yanapotazamwa kwa hadubini, hupatikana kwa karibu nusu ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60, na kwa takribani 9 kati ya 10 wa waliopita miaka 80, ingawa si wote wanaosumbuliwa. Kwa kuwa tezi inaubana mrija, dalili huonekana mapema: mkojo kuchelewa kuanza, kutoka kwa nguvu ndogo, kukatikakatika, kudondoka mwishoni, kuhisi kibofu hakijaisha, na kuamka mara kadhaa usiku.

Kutanuka huko si saratani na hakugeuki kuwa saratani. Hata hivyo, kukipuuzwa kunaweza kuua kwa njia nyingine. Mkojo usiotoka vizuri hurudisha shinikizo juu hadi kwenye figo, na figo huharibika kimyakimya. Wapo pia wanaozibwa ghafla wasiweze kukojoa hata tone. Hali hiyo huchochewa na kuzuia mkojo kwa muda mrefu, pombe nyingi na baadhi ya dawa za mafua. Mzee anayesafiri kwa basi kutoka Singida hadi Dar es Salaam, mwendo wa takribani kilometa 700, hapaswi kuona haya kumwomba dereva asimame.

Ugonjwa wa pili ni saratani. Takribani asilimia 70 ya saratani za tezi dume huanzia sehemu ya nje, mbali na mrija. Kwa hiyo katika hatua za mwanzo, ambapo uwezekano wa kupona ni mkubwa, mgonjwa hukojoa kama kawaida na hasikii maumivu yoyote. Dalili zinapojitokeza, mara nyingi uvimbe umekwisha kukua. Mishipa ya damu inayotoka kwenye tezi huungana na ile ya uti wa mgongo, na kwa njia hiyo chembe za saratani hufika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Wako wanaume wanaofika hospitali kwa mara ya kwanza wakilalamikia mgongo, wakidhani ni uchovu wa jembe, kumbe chanzo kiko chini ya kibofu.

Hapo ndipo kauli ya "mimi nakojoa vizuri, sina tezi dume" inapokuwa hatari. Kukojoa vizuri kunaeleza hali ya sehemu ya ndani tu.

Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume nchini Tanzania. Duniani kote, kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2022, wanaume karibu milioni 1.5 waligundulika kuwa nayo na karibu 397,000 walifariki. Umri mkubwa huongeza hatari. Vivyo hivyo kuwa na baba au kaka aliyeugua, na kuwa na asili ya Kiafrika.

Vipimo: kwa nini kidole, na kwa nini damu

Kipimo cha kidole ndicho kinachoogopwa kuliko vyote, na ndicho kinachoelezwa vyema zaidi na ramani ya nyonga. Puru imegusana na sehemu ile ya nje ya tezi ambamo saratani nyingi huanzia. Daktari akiwa na glavu yenye mafuta hupapasa kupitia ukuta wa puru na kutambua kama tezi ni laini au ina kigimba kigumu. Kipimo huchukua chini ya dakika moja. Hakuna njia ya karibu zaidi ya kuigusa tezi hiyo bila kuupasua mwili.

Kipimo cha damu, kinachojulikana kama PSA, hupima protini inayotengenezwa na tezi dume. Kiwango kikiwa juu, maana yake tezi ina jambo linalohitaji kuchunguzwa. Haimaanishi moja kwa moja kwamba ni saratani. Maambukizi, kutanuka kwa kawaida na hata tendo la ndoa la siku chache zilizopita vinaweza kukipandisha. Kinyume chake, kiwango cha chini hakiondoi uwezekano wa saratani kwa asilimia 100. Kwa sababu hiyo vipimo hivi viwili husaidiana, na uthibitisho wa mwisho hupatikana kwa kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi na kuvitazama kwa hadubini.

Ushauri unaotolewa na wataalamu wengi ni kwamba mwanaume azungumze na daktari kuhusu uchunguzi anapofika miaka 50. Kwa wanaume wenye asili ya Kiafrika, na kwa mwenye baba au kaka aliyeugua, mazungumzo hayo yaanze kwenye miaka 45. Anayeamka usiku mara nyingi apimwe pia sukari, kwa kuwa kisukari nacho huleta dalili hiyo.

Hofu ya kupoteza nguvu za kiume

Wengi hukimbia matibabu wakihofia kwamba upasuaji utawaondolea nguvu za kiume. Hofu hiyo ina historia. Kwa miaka mingi upasuaji wa kuondoa tezi yenye saratani uliwaacha wanaume wengi bila uwezo huo, kwa sababu madaktari hawakujua hasa neva zinazohusika zinapita wapi.

Jawabu lilitoka kwenye anatomia. Mwaka 1981, Pieter Donker, daktari bingwa mstaafu wa mjini Leiden nchini Uholanzi, na Patrick Walsh wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, walizifuatilia neva hizo katika mwili wa mtoto aliyezaliwa mfu na kubaini kwamba zinapita nje ya tezi, kulia na kushoto kwake. Mwaka uliofuata Walsh alifanya upasuaji wa kwanza wa kukusudia kuziepuka. Tangu hapo, mgonjwa anayewahi ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki na uwezo wake kuliko anayechelewa, kwani uvimbe uliovuka mpaka wa tezi huzigusa neva hizo.

Novemba 2014, katika hospitali hiyohiyo, Rais wa Awamu ya Nne, Dkt. Jakaya Mrisho Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume akiwa madarakani, na Ikulu iliutangazia umma jambo hilo. Ilikuwa mara chache kwa kiongozi wa ngazi hiyo kuruhusu kiungo hicho kitajwe hadharani.

Kwa kutanuka kusiko saratani, hali ni nyepesi zaidi. Wagonjwa wengi huanza kwa dawa za kulegeza misuli ya shingo ya kibofu au za kupunguza ukubwa wa tezi. Upasuaji ukihitajika, mara nyingi hufanywa kwa kupitisha kifaa ndani ya mrija wa mkojo bila kuchana tumbo, na huondoa nyama ya ndani inayoziba. Neva za pembeni haziguswi. Baadaye shahawa zinaweza kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Jambo hilo halina madhara kwa afya, ila mwanaume anayetaka watoto alijue kabla.

Pa kuanzia mkoani Singida

Mkoa wa Singida, wenye zaidi ya watu milioni 2 kwa Sensa ya 2022, una ngazi za huduma zinazoanzia zahanati na vituo vya afya, hospitali za halmashauri hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Zipo pia hospitali za mashirika ya dini zilizohudumia wananchi kwa miaka mingi, zikiwemo Makiungu wilayani Ikungi, Iambi wilayani Mkalama na Mtakatifu Gaspar huko Itigi. Mgonjwa anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko Dodoma, takribani kilometa 240 kutoka Singida mjini. Aidha, kampeni ya madaktari bingwa wa Rais Samia, iliyoanza mwaka 2024, huwafikisha mabingwa, wakiwemo wa upasuaji, katika hospitali za halmashauri kwa zamu zinazotangazwa.

Hatua ya kwanza ni zahanati iliyo karibu. Kwa maelezo ya afya bila malipo, mwananchi anaweza pia kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya. Mwanaume anayekwenda kuonana na mtoa huduma ajiandae kueleza mambo matano: dalili zilianza lini, anaamka mara ngapi usiku, kama amewahi kuona damu kwenye mkojo au shahawa, dawa anazotumia, zikiwemo za kienyeji, na kama baba, kaka au mjomba aliwahi kuugua. Na asiye na dalili yoyote, lakini umri wake umefika, aende na swali moja tu: "Nahitaji kupimwa tezi dume yangu?"